Kwa nini majimoto ya Bogoria yana mistari ya rangi

*"Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya upili. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye majimoto ya Loburu, kando ya Ziwa Bogoria, Kenya. Tulikuwa na kipimajoto na karatasi za kupima pH. Pale maji yanapobubujika kipimo kilisoma nyuzi 96, nikadhani kimeharibika, maana maji yalikuwa yanachemka kabisa. Hatua chache mbele, kwenye nyuzi 80 hivi, mawe yalikuwa matupu. Tulipofika karibu nyuzi 60 kukaanza kijani hafifu chenye umanjano, kisha kijani kilichokolea kwenye 45, na pembeni mwa mkondo rangi ya machungwa. Mtu tuliyemkuta pale alituambia ni madini ya salfa. Wanafunzi wakaniuliza: mbona madini yajipange foleni? Sikuwa na jibu. Mmoja wao alibandua kipande cha ule utando akakitia chupani. Anasema ni spirulina, ile inayouzwa madukani, na anataka kukikausha. Je, ni salama? Na ziwa likizidi kupanda, vitu hivi vitakufa?"*

Mwalimu, kabla ya habari za rangi, tuanze na ile chupa. Mwambie kijana wako asikikaushe kile kipande, asikionje, wala asiwape kuku. Mwaka 2003 watafiti walichapisha uchunguzi wa utando wa majimoto hayohayo ya Bogoria, na ndani yake walikuta sumu za aina mbili: mikrosistini, ambayo huharibu ini, na anatoksini-a, ambayo huvuruga mishipa ya fahamu. Mikrosistini haiondoki kwa kukaushwa, na haiondoki kwa kuchemshwa. Kama ameshakila, hata kidogo, kisha akaanza kutapika, kuharisha, kuumwa tumbo au kulegea viungo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe alikula nini na lini. Kama hajakila, fungeni chupa, naweni mikono, na hapo mmesalimika.

Sitaki umkemee, kwa sababu kosa lake limewapata watu wengi wenye elimu kubwa kuliko yake. Ile spirulina ya madukani, kisayansi, si Spirulina. Ni Arthrospira, zamani iliwekwa fungu moja na Spirulina, wataalamu wakaja kuitenga, lakini jina la zamani likabaki sokoni. Hapo Bogoria Arthrospira yupo, tena kwa wingi, ila anaishi katikati ya ziwa, kwenye maji ya magadi, na ndiye anayeyageuza maji yakawa kijani kama mchuzi wa mboga. Ndiye chakula cha flamingo wadogo, heroe wa vitabuni. Kwenye mkondo wa majimoto wanaishi wengine. Katika ule uchunguzi wa 2003 waliotawala utando walikuwa Phormidium terebriformis, Oscillatoria willei, Synechococcus bigranulatus na, bahati mbaya kwa kijana wetu, Spirulina subsalsa, ambaye ni Spirulina wa kweli. Kwa hiyo jina alilolitaja huenda limo ndani ya chupa yake, lakini chakula hakimo. Arthrospira wa kuliwa hufugwa katika mabwawa yanayoangaliwa na kupimwa, wala habanduliwi jiweni.

Flamingo wenyewe hawana wa kuwaonya. Maji ya ziwa yana chumvi kali, hivyo huja kwenye midomo ya vijito vya majimoto kunywa na kujiosha, na vipande vya utando vikaingia pamoja na maji. Watafiti walikuta mabaki ya utando huo na sumu zake tumboni mwa ndege waliokufa. Wako wataalamu wanaotaja maradhi ya bakteria na madini mazito kama sababu nyingine za vifo vya maelfu ya flamingo kuanzia miaka ya 1990. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kuchagua mmoja: ndege aliyedhoofishwa na sumu huangushwa upesi na ugonjwa.

Sasa kipimajoto. Hakijaharibika. Bogoria iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda hewa hukandamiza maji kidogo zaidi, hivyo yanachemka mapema. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapo mlipokuwa huchemka kwenye 96 au 97. Namba mliyoiandika ni sahihi, iacheni kama ilivyo.

Kuhusu salfa, yule mtu hakuwadanganya kwa makusudi, ni maelezo yanayozunguka kwenye majimoto mengi. Salfa ipo duniani, na ni ya manjano, lakini hujikusanya zaidi kwenye matundu yanayotoa gesi, na ukiiona ni ya ungaunga au fuwele. Mlichokiona ni viumbe hai. Hapa lakini niwe mkweli kwa wanafunzi wako: swali lao ni zuri, ila haliwi ushahidi. Madini nayo yanaweza kujipanga foleni. Maji yakipoa na kupoteza gesi, chokaa huganda mahali fulani, silika (madini ya mchanga na kioo) mahali pengine, na yale magamba meupe yaonekanayo kando ya mkondo ni kazi hiyo. Ushahidi wa uhai ni mwingine. Tazameni utando saa sita mchana, mtaona vijipovu vinatoka: ni oksijeni, usanisinuru unafanyika mbele ya macho yenu. Madini hayatoi oksijeni jua likitoka na kuacha likizama.

Viumbe hao wengi wao si mwani, ingawa sote tumezoea kuwaita hivyo. Ni sianobakteria, bakteria wanaotumia mwanga kama majani. Tofauti hii ina maana kubwa majimotoni. Seli ya mwani wa kweli, kama seli yako na yangu, imegawanywa vyumba kwa tando za ndani: kiini na kuta zake, mitokondria na kuta zake. Tando hizo lazima zipitishe vitu vikubwa na vidogo, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba utando wa namna hiyo hauwezi kusukwa ukastahimili joto kali bila kuvuja. Kwa hiyo hakuna kiumbe mwenye seli za namna hii anayejulikana kukua na kuzaana juu ya nyuzi 63 hivi. Sianobakteria, wasio na vyumba hivyo, hupanda zaidi, hadi nyuzi 73 au 74. Hapo nao hukwama, kwa sababu mashine ya kunasa mwanga nayo imejengwa kwenye tando nyembamba, na zikianza kuvuja chaji zake, hakuna nishati inayopatikana. Kutoka hapo hadi maji yanayochemka, kijani hakiwezi kuwapo.

Lakini yale mawe "matupu" ya nyuzi 80 hayakuwa matupu. Hili ndilo ningependa wanafunzi wako walikumbuke hata wakisahau mengine yote. Hadi miaka ya 1960 wataalamu wengi waliamini kwamba mahali rangi inapokwisha ndipo uhai unapokwisha. Mtafiti Mmarekani Thomas Brock alipofika Yellowstone, hifadhi ya Marekani yenye majimoto mengi, hakukubali. Yeye na wenzake walitumbukiza vipande vya kioo katika chemchemi zinazochemka, wakavitoa baadaye, wakavitazama kwa hadubini. Vilikuwa vimeota bakteria. Mwaka 1966 alimkusanya, na mwaka 1969 yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze wakamtangaza, bakteria anayeitwa Thermus aquaticus, anayestawi karibu nyuzi 70. Kimeng'enya chake kinachonakili DNA hakivunjiki kikipashwa moto tena na tena, na ndicho kilichofanya kipimo cha PCR kiwezekane kwa urahisi. Kila aliyepimwa UVIKO kwa PCR amenufaika na njia iliyozaliwa katika maji kama yale mliyoyaona. Viumbe wa sehemu hiyo ya joto kali hawahitaji mwanga. Wengine hula hidrojeni au misombo ya salfa inayotoka ardhini pamoja na maji. Kwa kuwa hawanasi mwanga hawana haja ya rangi, ndiyo maana jicho linawaruka.

Sasa foleni yenyewe. Maji yakitoka tunduni yakaanza kutiririka, kila hatua yanapoa. Huo ni mteremko, si wa ardhi tu, ni wa joto. Ukisimama kando yake umesimama kando ya rula, na kila kiumbe amekaa kwenye alama zake. Mpaka wake wa juu, upande wa tunduni, umewekwa na mwili wake: akisogea hapo protini zake zinakunjuka, tando zinavuja, anakufa. Hilo ni rahisi kulielewa. Swali gumu ni mpaka wa chini. Kwa nini yule wa nyuzi 60 asishuke akaishi kwenye 40, mahali penye raha?

Watu hudhani ni kwa sababu anapenda joto. Kwa sehemu ni kweli, mashine iliyofungwa kwa moto huwa nzito kwenye baridi. Lakini mara nyingi anazuiwa na majirani. Penye nyuzi 45 pana wengi wanaokua haraka kuliko yeye, wanamfunika mwanga. Tena pana walaji. Kwenye chemchemi ya Hunter, jimbo la Oregon nchini Marekani, mpaka huo umechunguzwa vizuri sana. Kuna sianobakteria mwenye umbo la uzi mrefu unaotambaa, Oscillatoria terebriformis, ambaye hutandaza shuka jeusi-jeusi juu ya wengine kuanzia nyuzi 54 kwenda chini. Aliye chini yake anabaki gizani. Ukishuka hadi karibu nyuzi 48 shuka hilo linatoweka ghafla, kama limekatwa kwa kisu. Limekatwa na ostrakodi, mdudu mdogo wa ukoo wa kaa na kamba, mwenye gamba la pande mbili kama chaza, anayekula utando mchana kutwa. Yeye hawezi kuvuka nyuzi 49 au 50. Chini ya mstari huo husalia tu sianobakteria wagumu kama ngozi iliyokauka, wanaomshinda kutafuna. Kwa hiyo ule mstari mnaouona kwa macho ni mpaka wa joto wa mlaji, si wa anayeliwa. Mara nyingine mkirudi Loburu, chuchumaeni pale rangi inapobadilika mtafute kama kuna kinachotembea. Huyo Oscillatoria wa Oregon na Phormidium terebriformis wa Bogoria ni wa jina moja la pili, na hilo si sadfa. Wataalamu wamekuwa wakihamisha kundi hilo kutoka jenasi moja hadi nyingine.

Nikuonye pia juu ya vitabu. Ukisoma kwamba kijani huanza nyuzi 73, ujue namba hiyo ni ya magharibi mwa Marekani Kaskazini. Huko wapo sianobakteria waitwao Synechococcus wanaofika juu hivyo, na mtafiti David Ward na wenzake walionyesha kwamba hata hao si wamoja: wamegawanyika katika jamaa za karibu zinazofanana kabisa kwa hadubini, kila moja na kipande chake cha mteremko. Iceland, yenye majimoto mengi mno, hakuna wa aina hiyo. Sianobakteria wa huko huishia karibu nyuzi 64. Maji yanafaa, wenyewe hawajafika. Majimoto ni visiwa, na kiumbe aliyezoea nyuzi 70 hasafiri salama akivuka bahari ya hewa baridi. Basi kijani chenu kuanza karibu 60 si kosa la kipimo wala si upungufu wa Bogoria. Inategemea pia nani alifika.

Joto si mteremko pekee, na hapa ndipo watu wengi huteleza, hata wanaoandika makala za kitaalamu. Maji yakitoka chini yamebeba kaboni dayoksaidi. Yakipata hewa gesi hiyo inapeperuka, na pH inapanda, yaani asidi inapungua. Kama mlipima pH penye tundu na tena mita kumi mbele, linganisheni, natarajia ya pili iwe juu. Salfidi ya hidrojeni, ile gesi inayonuka kama yai viza, nayo hupungua njiani. Ikiwa nyingi huwapooza sianobakteria wengi, na nafasi yao huchukuliwa na Chloroflexus, bakteria anayetumia mwanga bila kutoa oksijeni. Oksijeni yenyewe haipendi maji ya moto, huongezeka yanapopoa. Kwa hiyo mkisema "kijani kinaanza kwenye nyuzi 60 kwa sababu ya joto", mmesema jambo linaloweza kuwa kweli lakini hamjalithibitisha, maana penye nyuzi 60 vitu vinne vingine vimebadilika pamoja. Njia ya kuvitenganisha ni kulinganisha vijito viwili vyenye joto sawa na kemia tofauti. Loburu na Chemurkeu, majimoto mengine ya Bogoria, si mbali, mnaweza kujaribu.

Mfano mkali zaidi wa kemia ni asidi. Katika maji yenye pH chini ya 4 hakuna sianobakteria, hata joto liwe zuri namna gani. Huko ndiko mwani wa kweli anapopata enzi yake: Cyanidium, wa ukoo wa mwani mwekundu ingawa mwenyewe ni kijani-buluu, hukua hadi nyuzi 56 hivi katika maji makali. Majimoto ya Bogoria ni ya magadi, upande wa alkali, ndiyo maana huko sianobakteria wametawala.

Na rangi ya machungwa ya pembeni? Pembeni maji ni membamba, yamepoa, na jua linawapiga bila kizuizi. Mwanga ukizidi unaharibu klorofili, hivyo viumbe hutengeneza karotenoidi, rangi za ukoo mmoja na ile ya karoti, kama mtu anayejifunika kanga kichwani. Yellowstone, penye majira yanayotofautiana sana, utando uleule huwa wa machungwa kiangazi na kijani zaidi wakati wa baridi. Kijani kipo chini ya machungwa, kimefichwa tu. Chini zaidi, ndani ya milimita chache, kuna foleni nyingine ya kwenda kilindini: juu wanaotoa oksijeni, chini yao wanaotumia mwanga uliobaki, na chini kabisa weusi wasiovumilia oksijeni. Usiku oksijeni huisha karibu yote ndani ya utando na mpangilio hubadilika hadi alfajiri. Kipande kile cha chupani kilikuwa na hayo yote, na kikishabanduliwa foleni hiyo huvurugika.

Kwa hiyo mkirudi, msibandue. Pimeni joto na pH kila mita moja, chukueni picha ya rangi mahali hapohapo, andikeni saa na hali ya jua, choreni ramani. Kipimajoto kifungwe kwenye fimbo ndefu. Msikanyage ukoko mweupe ulio karibu na matundu: unaweza kuwa mwembamba kama chapati, na chini yake maji yanachemka. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, msipake dawa ya meno wala mafuta, na kama malengelenge yamezidi kiganja chake, au yako usoni au sehemu za siri, ni hospitali. Maji hayo hayanyweki hata yakipoa, yana floridi nyingi kupita kiasi, na kuyachemsha kunaizidisha. Mkienda penye maji ya vuguvugu ambapo watu huogelea, msiruhusu maji yapande puani: amiba aitwaye Naegleria fowleri hupenda maji ya namna hiyo. Ni nadra sana, lakini homa na kichwa kikali siku chache baada ya kuogelea ni jambo la daktari mara moja.

Mkitaka kweli kujua majina ya viumbe wenu, hilo halifanyiki kwa barua wala kwa picha. Linahitaji hadubini, mara nyingi na DNA. Nenda idara ya biolojia ya chuo kikuu kilicho karibu, uwaombe waje nanyi. Bogoria ni hifadhi ya taifa na sehemu ya urithi wa dunia tangu 2011, na kuchukua sampuli za utafiti kunahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na ruhusa ya wenye hifadhi. Waendorois, ambao ardhi hiyo ni ya mababu zao, nao wana haki ya kuulizwa. Naona ni vizuri wanafunzi walijue hilo mapema, kabla hawajawa wanasayansi.

Swali la mwisho, la ziwa. Tangu karibu 2010 Bogoria limepanda sana na kufunika matundu mengi ya ukingoni. Tundu likizama, mteremko wake unafutwa: maji ya moto yanachanganyika na ya magadi papo hapo, mwanga unapungua, na utando uliokuwa hapo unakufa au kusombwa. Lakini joto linatoka chini, na ziwa halilizimi. Maji yakipata njia nyingine juu zaidi, au ziwa likirudi, mawe mapya yatakuwa matupu, kisha wataanza kufika mmojammoja, na kila mmoja atashika alama yake. Darasa lenye ramani ya leo litaweza kulishuhudia hilo. Tieni tarehe kwenye michoro yenu, na muiachie shule, ili kidato cha tatu kijacho wapime mahali palepale.